Siku za Kufunga Duka

Radi ilipiga Jumanne usiku, wiki moja kabla ya Krismasi ya 2024, na asubuhi yake kompyuta ya Mama ikakataa kuwaka. Habari ilinikuta ndani ya basi, nimetoka Morogoro, kwa ujumbe wa sauti wa mdogo wangu: "Dada, CPU imekufa. Mama hataki kuongea na mtu."

Kwetu CPU ni lile boksi zima la bati. Najua mwalimu yeyote wa kompyuta atanisahihisha kwamba CPU ni kipande kidogo kilichomo ndani, ukubwa wa biskuti, lakini sijakutana na mtu Maruku wala Bukoba mjini anayeliita boksi hilo kwa jina jingine. Fundi naye huliita hivyo hivyo.

Radi kwetu si jambo la ajabu. Usiku ziwa hukusanya mawingu yake na kabla ya kupambazuka huyasukuma huku magharibi, ndiyo maana pwani ya Bukoba hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka wakati sehemu nyingine za nchi zinatafuta nusu yake. Mama ana sheria moja dukani: ngurumo ya kwanza ikisikika, chomoa kila kitu. Usiku ule mdogo wangu alikuwa amechomeka simu yake kwenye ekstensheni ile ile, akasinzia.

Duka lenyewe ni chumba kimoja kando ya barabara. Ndani kuna mashine ya fotokopi, printa nyeusi ya leza, mashine ya kulaminisha, shuka jeupe la kupigia picha za pasipoti na kalenda ya parokia. Watu wengi hawamwiti Mama kwa jina la mtoto wake wa kwanza kama desturi inavyotaka. Wanamwita Mama Steshenari, na mimi nikiwa nyumbani ni mtoto wa Mama Steshenari.

Katikati ya Desemba ndiyo msimu wake. Majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza yanatoka, wazazi wanakuja kuchapishiwa fomu za kujiunga, kila fomu kurasa nane au kumi, orodha ya godoro, ndoo, jembe, ream ya karatasi. Watu wa Dar es Salaam wanarudi kwa Krismasi, na wakirudi kuna kadi za harusi na mialiko ya kipaimara. Lakini kazi iliyomjengea Mama jina ni misiba.

Mtu akifa kwetu, lazima usomwe wasifu wa marehemu. Alizaliwa lini, akabatizwa wapi, akasoma mpaka darasa la ngapi, akaoa au akaolewa na nani, akajaliwa watoto wangapi, akaugua nini, umauti ukamkuta saa ngapi. Familia huja usiku na karatasi iliyochanwa kwenye daftari, mwandiko wa watu watatu tofauti, na Mama huanza kuwauliza maswali kama hakimu. Huyu mtoto wa nne mbona hana jina? Hapa mnasema alistaafu 1994, hapa mnasema 1996. Nimewahi kuona ugomvi wa ukoo mzima ukilipuka mbele ya kibodi, juu ya mtoto wa nje: aandikwe au asiandikwe. Mama hana upande. Huondoa mikono kwenye kibodi, huikunja mapajani na kusema, "Mkikubaliana mtaniambia." Wakikubaliana, au wakichoka, anaandika.

Kwa hiyo lile boksi lilikuwa limebeba vifo vyote vya kata yetu na vya kata jirani kwa miaka kumi na miwili. Na kimoja kati yake kilikuwa cha baba yangu.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Ndiye aliyeileta kompyuta hiyo mwaka 2012, imeshatumika tayari, kutoka Mwanza, imefungwa kwenye blanketi. Alifariki 2018, na usiku wa kuamkia mazishi Mama alikataa mtu mwingine asiandike wasifu wake. Alikaa mwenyewe kwenye kiti kile, na kitenge cha msiba mabegani, akaandika kurasa mbili. Mimi nilisimama mlangoni. Sikuwahi kuzisoma zile kurasa. Siku ya mazishi zilisomwa kwa kipaza sauti kibovu, na sikusikia zaidi ya nusu.

Nilifika Alhamisi jioni. Ijumaa asubuhi nilipanda bodaboda kwenda mjini, boksi limekaa mapajani kama mtoto anayepelekwa kliniki.

Fundi wetu ana kibanda si mbali na stendi. Ni kijana wa umri wangu, hakusomea kazi hii chuoni, na sijaona mtu anayefikiri kwa mpangilio mzuri kama yeye, pamoja na wale wanaotufundisha mbinu za utafiti. Alifungua kifuniko na kitu cha kwanza alichofanya ni kucheka. Nyuma ya feni, ndani ya vumbi jekundu, kulikuwa na senene wawili waliokauka. Msimu wao hufuata taa za usiku, na duka la Mama huwasha taa mpaka saa tatu. "Dada, hawa ni wa mwaka jana," alisema, "wa mwaka huu wasingefika hapa, mngekuwa mmewala."

Kisha akaanza kazi. Alichomoa ule mkungu wa nyaya unaotoka kwenye pawa saplai, akachukua kipande cha waya na kuunganisha tundu la waya wa kijani na la waya mweusi. Pawa saplai nzima ikifanyiwa hivyo huzungusha feni yake hata kama haijaungwa na kitu. Ya kwetu ilinyamaza. Akaweka nyingine ya kujaribia, na bodi ikawaka. Nilishangilia mapema mno. Alinionyesha kapasita nne karibu na prosesa: vile vikopo vidogo vinavyotuliza umeme kabla haujafika kwenye sehemu nyeti. Vichwa vyake vinapaswa kuwa bapa. Vyetu vilikuwa vimevimba, na kimoja kilikuwa kimevuja maji ya kahawia. "Hizi hazikuvimba Jumanne," alisema. "Zina muda. Radi imemalizia tu." Na saa ya kompyuta ilisema ni Januari ya miaka kumi na zaidi iliyopita, kwa sababu betri yake ya duara, ile ndogo kama sarafu, nayo ilikuwa imekwisha. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini Mama alikuwa akilalamika kwamba intaneti inamkatalia kila tovuti na kumwambia si salama: kompyuta inayodhani iko zamani huona vyeti vya usalama vya leo kama vitu visivyokuwepo.

Akaniandikia bei nyuma ya risiti. Pawa saplai 35,000. Kapasita pamoja na kuchomelea 15,000. Betri 2,000. Akashauri pia hadi diski ya kisasa isiyozunguka, 55,000, maana ile ya zamani inachukua dakika nne kuamka na siku yoyote itagoma. Jumla 107,000. Au, akasema, akanyoosha kidole kwenye rafu, kuna boksi hilo pale, mtumba safi, memori ya kutosha, 320,000 bila monita.

Nikamuuliza ni ya kizazi cha ngapi. Akanitazama kwa heshima kidogo. "Cha sita."

Hapa inabidi nieleze, kwa sababu ndiyo hoja niliyotembea nayo siku nzima. Windows 11 ilipotoka Oktoba 2021 ilikuja na masharti: kompyuta iwe na kijisehemu cha usalama kinachoitwa TPM toleo la 2.0, na kama prosesa ni ya Intel, kwa kawaida iwe ya kizazi cha nane kwenda mbele. Wakati huo huo Microsoft ilikuwa imetangaza kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 ingeacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10. Ofisi za Ulaya, za Marekani na za Ghuba zikasoma tangazo hilo, zikaanza kutoa nje mashine za kizazi cha sita na cha saba ambazo hazina ubaya wowote, zinapakiwa kwenye makontena, zinapita Dubai, zinashuka Dar es Salaam, na hatimaye moja inakaa kwenye rafu karibu na stendi ya Bukoba. Kwa maneno mengine, kilichoitwa kipya pale kibandani kilikuwa kitu ambacho mtu mwingine ameshaamua kwamba kimezeeka. Kununua mtumba ule kungekuwa kuacha mgonjwa wetu ili kumchukua mgonjwa wa jirani.

Niliipenda sana hoja hiyo. Nikaiongezea kanuni ninayoisikia kwa watu wengi wanaojua mashine: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya kununua, nunua, yakiwa chini ya nusu, tengeneza. Sisi tulikuwa kwenye theluthi. Na nilikuwa na sababu nyingine ambayo sikumwambia mtu. Kwenye simu yangu nilikuwa na 540,000, pesa ya kupima sampuli za udongo maabara kwa ajili ya tasnifu yangu. Msimamizi wangu alikuwa ananisubiri nazo Februari. Kutoa 107,000 ningeweza kuifukia mahali. 320,000 nisingeweza.

Nikamwambia fundi nitarudi kesho.

Jioni Mama alikuwa jikoni anamenya ndizi, mikono imepakwa mafuta ili utomvu usigande. Nilikaa kwenye kigoda na kutoa mhadhara. Nilieleza kapasita. Nilieleza vizazi. Nikamtajia hata MV Victoria, kwa sababu ni mfano ambao kila mtu wa Bukoba anaujua: meli iliyojengwa 1960, ikaonekana imekwisha, ikakarabatiwa na kuwekewa injini mpya, na mwaka 2020 ikarudi majini ikiitwa New Victoria. Hawakuitupa. Kama meli ya watu wote inaweza kufufuliwa, boksi la bati litashindwa nini?

Mama alimaliza ndizi aliyokuwa nayo mkononi.

"Hiyo meli," alisema, "kabla ya 2020 ilikuwa wapi?"

"Bandarini. Imesimama."

"Na sisi tulikuwa tunakwenda Mwanza na nini?"

Na mabasi, nikajibu. Siku nzima ya kuzunguka ziwa.

"Haya."

Nilidhani amemaliza. Nikajaribu njia nyingine, na hapa nakiri nilicheza rafu. Nikamwambia kwamba ile mashine ni ya Baba. Kwamba ndani yake kuna maandishi yake. Nilitegemea akubali kwa machozi kidogo, mimi nimfariji, kesho nikaitengeneze. Kichwani mwangu nilikuwa nimeshaamua kwamba Mama anang'ang'ania boksi lile kwa sababu ya ujane, na kwamba kazi yangu ni kulinda hisia hiyo.

"Mibuni ya babu yako niliifanyaje?" aliuliza.

Najua alichoifanya. Mibuni yetu ya robusta ilikuwa ya kale, minene, imepandwa na baba yake Baba. Ilipoanza kukauka kwa mnyauko fuzari, Baba alitaka ile iliyobaki ikatwe chini ili ichipue upya, kazi ambayo kwa kweli mara nyingi hufaa kwa mbuni mzee usio na ugonjwa. Mama aliingia kibanjani na vibarua wawili, akang'oa upande mzima na kuchoma, akaenda kuchukua miche kwenye kituo cha TaCRI, watafiti wa kahawa, ambao wako hapa hapa Maruku na aina zao mbili zinaitwa Maruku 1 na Maruku 2. Baba hakumsemesha kwa wiki. (Sikumkumbusha Mama kwamba ile miche nayo ilikaa miaka miwili bila kutupa kikombe cha kahawa. Kungoja kulikuwepo huko pia. Lakini haikuwa jioni ya kushinda hoja.)

Akanawa mikono, akaenda chumbani, akarudi na daftari lake la mauzo.

Ni daftari la kawaida, jalada gumu, limechorwa mistari kwa rula: tarehe, kilichoingia, karatasi, wino, kilichobaki. Kuna siku ambazo mstari umevuka ukurasa mzima bila tarakimu, na juu yake kwa herufi kubwa ameandika IMEHARIBIKA. Alinipa nihesabu mwenyewe. Februari siku tatu, feni. Mei siku tano, Windows iligoma na kulikuwa na kifaa kinachosubiriwa kutoka Mwanza. Wiki hiyo shule mbili zilikuwa zinachapisha mitihani ya muhula na zikahamia kwa mtu mwingine, moja haijarudi. Agosti siku nne. Oktoba siku nne. Desemba, mpaka jioni ile, siku tatu. Siku kumi na tisa.

Siku ya kawaida hubaki na kama 15,000 mkononi baada ya karatasi na wino. Nilizidisha kwenye simu: 285,000. Kisha nikajumlisha alichowalipa mafundi mwaka ule kabla ya radi: 25,000, 60,000, 20,000, 30,000. Jumla kuu 420,000. Bila nauli ya boksi kwenda mjini na kurudi. Bila ile shule.

Nilikaa kimya kwa muda. Hesabu yangu nyuma ya risiti ya fundi ilikuwa sahihi, kila tarakimu. Ilikuwa tu hesabu ya mtu ambaye haketi dukani. Mimi napenda kutengeneza vitu. Ni msimamo ambao wenzangu wengi chuoni tunao, tunauzungumza vizuri, tunasema dunia inatupa sana. Siku za kusubiri hatuzihesabu kwa sababu hatuzilipi.

"Kama ulikuwa unayajua haya," nikamuuliza, "kwa nini hukununua nyingine tangu Mei?"

Alinitazama kama ninavyowatazama wanafunzi wa mwaka wa kwanza.

"Kila mara fundi anasema elfu thelathini. Elfu thelathini huwa ninayo. Laki tatu sijawahi kuamka nayo siku moja."

Hapo ndipo swali langu lote, kutengeneza au kununua, lilipobadilika sura. Nililiuliza kana kwamba ni suala la kupima busara. Kwa Mama halikuwahi kuwa hivyo. Alitengeneza mara nne kwa sababu pesa ya kutengeneza ilikuja kwa ukubwa uliomtosha mkononi. Aliye na laki tatu mara moja alitumia laki tatu. Asiye nazo alitumia laki nne na zaidi, kidogo kidogo, na kufunga duka juu yake. Nimesoma makala kuhusu jambo hili katika kozi ya uchumi wa kilimo, kuhusu mbolea na mbegu. Nililielezea vizuri kwenye mtihani.

Mwaka ule, kikoba chao kilikuwa kimegawana wiki iliyopita. Alikuwa na 200,000, alizozitenga kwa ajili ya bati la jikoni. "Bati litangoja," alisema, "mvua naijua." Ilibaki 120,000. Hakuniomba. Aliinuka kwenda kuweka sufuria jikoni na kuniacha na daftari.

Nilitoa. Nisijisifu: nilitoa baada ya kukokotoa ni sampuli ngapi za udongo nitaziacha, na nikachagua zile za shamba ambalo matokeo yake nilikuwa nayatabiri tayari. Msimamizi wangu aliona pengo hilo mwezi wa pili na alisema alichosema.

Jumamosi nilirudi kibandani. Fundi hakushangaa. Alilichukua boksi la zamani kwa vipuri, akanipunguzia 20,000 ambazo nilinunulia UPS ya mtumba isiyo na betri nzuri lakini yenye kinga ya umeme, kisha akaitoa hadi diski ya zamani na kuiweka kwenye kasha la USB nilibebe. Kuhusu Oktoba 2025 aliniambia jambo la kawaida tu: Mama asifungue barua pepe za ajabu, flashi za wateja zipitishwe kwenye kinga ya virusi kwanza, na siku ikifika kuna njia, Linux ikiwemo. Nilimpelekea Mama wazo la Linux. Aliuliza kama faili za walimu zitafunguka zikiwa zimekaa sawa, jedwali na kila kitu. Nikasema nyingi. Akasema, "Nyingi si zote," na mjadala ukaishia hapo mpaka leo.

Usiku ule printa ilitutesa. Programu ya kuiendesha ilikuwa ya zama za Windows nyingine, mashine mpya ikawa inaiona na kuikana. Saa sita usiku nilipata njia ya kuidanganya kwamba printa ni ya toleo jingine, na karatasi ya kwanza ilipotoka mdogo wangu alipiga kelele mpaka mbwa wa jirani wakajibu.

Halafu nikachomeka ile hadi diski.

Mama alikuwa ameshaniambia anachotaka kihamishwe: MITIHANI, FOMU, BARUA ZA KIJIJI. Nilipomuuliza kuhusu folda ya MISIBA alisema nichukue yote kama nina nafasi. Nilikuwa na nafasi. Ilikuwa na faili mia nne na kitu. Mama hana mpangilio wa majina: marehemu, marehemu mpya, marehemu mpya 2, marehemu wa kwa mchungaji, marehemu sahihi, marehemu sahihi kabisa. Nilitafuta mwaka 2018. Nilitafuta kwa jina la Baba. Mwisho nikaliona faili linaloitwa Mwalimu.

Nililifungua na kusoma kuhusu mwanamke wa kijiji cha pili, aliyezaliwa 1949, mama wa watoto saba, aliyefariki 2021.

Nikalifunga, nikalifungua tena. Tarehe ya kuundwa: 2018, usiku ule ule. Tarehe ya kubadilishwa mwisho: 2021. Nilielewa polepole. Wasifu wa Baba ulikuwa mrefu, umepangwa vizuri, aya zimekaa. Kwa hiyo msiba uliofuata, Mama aliufungua, akafuta jina na kuweka jingine, akabadilisha tarehe, akabonyeza Ctrl na S. Na uliofuata, vivyo hivyo. Baba yangu alikuwa amefutwa miaka sita iliyopita, na mashine ikiwa nzima kabisa. Nilichokuwa nakibeba mapajani kwenye bodaboda hakikuwemo.

Isipokuwa sentensi moja. Kwenye aya ya tatu, kati ya ubatizo wa mwanamke yule na ugonjwa wake, ilisema kwamba marehemu alipenda kusikiliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku, na wakati huo hakupenda kusemeshwa.

Huyo ni Baba. Redio yake ya mbao, kidole kimeinuliwa kutunyamazisha. Mama alisahau kuifuta, msiba hadi msiba.

Nilimwonyesha asubuhi kabla ya misa, kabla hajafunga kitambaa. Aliinama mbele ya monita na kusoma aya nzima, midomo ikitembea. Nilisubiri alie au aombe radhi.

"Mungu wangu," alisema. "Na huyu mama ilisomwa kaburini."

"Watu walisemaje?"

"Hakuna aliyesema kitu." Akafikiri kidogo. "Naye alikuwa anapenda redio, lakini."

Kisha akaniambia kwamba wasifu wa Baba upo, karatasi ile ile iliyosomwa, kwenye sanduku chini ya vitenge, ndani ya bahasha pamoja na cheti chake cha ualimu. Imekuwepo wakati wote. Kama naitaka niitoe fotokopi, lakini niisubiri Jumatatu, maana kuna wazazi wa fomu wataanza kuja saa moja.

Jumatatu walikuja. Foleni ilifika barabarani. Sikupata nafasi ya kutumia mashine mpaka jua lilipokuwa linazama, na hapo umeme ulikuwa umekatika.

Mwezi wa tatu, nikiwa Morogoro, nilimpigia na kumuuliza daftari linasemaje, siku ngapi tangu Januari.

"Mbili," alisema. "Moja hapakuwa na umeme. Nyingine nilikuwa msibani, na wasifu walikuwa wameuandika kwa mkono."